Wanasiasa wa katikati Uganda: wanampatanisha nani na nani?

Mchapaji_Nasser (mwanzisha uzi)

Salaam wana jukwaa.

Nachapa mabango pale Nasser Road, Kampala. Msimu wa uchaguzi ukifika wateja wetu ni wagombea wa kila rangi ya chama, njano, bluu, kijani, nyekundu. Mimi ndiye ninayepanga maandishi kabla hayajaingia kwenye mashine, kwa hiyo kila neno linapita machoni pangu. Msimu uliopita alikuja mgombea mmoja wa ubunge na karatasi yake ya ahadi. Mstari mmoja ulisema atapigania mshahara wa vibarua wa viwandani. Akakaa kwenye kiti karibu nami, akapokea simu, akasikiliza muda mrefu bila kusema kitu, kisha akaniambia niufute mstari huo. Aliyemnunulia mafuta ya magari ya kampeni ana kiwanda, vibarua nao wana kura, na yeye hataki kumkwaza mtu. Pakabaki nafasi tupu katikati ya bango. Akaagiza niweke picha ya mikono miwili inayoshikana, chini yake "Umoja na Amani".

Bwana huyo kwao anasifiwa kwa busara, eti anaongea na pande zote. Na kweli ni mpole, hata kwetu wachapaji alilipa bila ubishi. Tatizo langu haliko kwenye tabia yake.

Mimi ni mtu wa mrengo wa kushoto, sijifichi. Ninachosema ni kwamba wanasiasa wetu wa msimamo wa kati wamechanganya mambo mawili. Kuna upole wa njia, yaani kudai bila kuua mtu, bila kuchoma duka la jirani, bila kutukana kabila la mwenzako. Huo nautaka kwa moyo wote. Halafu kuna upole wa dai lenyewe, kuomba nusu hata kabla hamjakaa mezani. Huu wa pili ndio wanaotuuzia kwa jina la ule wa kwanza, mpaka anayedai mshahara halali anaambiwa anahatarisha amani ya nchi.

Tuchukue kima cha chini cha mshahara. Mara ya mwisho kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Pesa hiyo leo hainunui kilo mbili za sukari. Februari 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kuweka utaratibu mpya wa kima cha chini. Rais Museveni hakuusaini. Sasa niambieni, kati ya wote walioingia serikalini kwa jina la maridhiano, nani aliweka mswada huo kuwa sharti lake? Norbert Mao wa DP, chama cha upinzani cha miaka mingi, alitia saini makubaliano na chama tawala cha NRM Julai 2022, akawa Waziri wa Sheria na Katiba. Alieleza kwamba nia ni kuandaa mpito wa amani. Mpito ni jambo zito na silidharau, nchi hii haijawahi kuona rais akimkabidhi mwenzake kwa amani. Lakini kibarua wa viwanda vya Namanve anayelipwa kwa siku, bila mkataba, anayesaini daftari kwa kidole gumba, katika makubaliano yale aliandikiwa nini?

Wala si mara ya kwanza. Mwaka 1986 Paul Ssemogerere, naye wa DP, aliingia katika serikali ya NRM kama waziri, nchi ikiwa imetoka vitani. Wakati yeye yuko ndani, shughuli za vyama zilibanwa, na vyama havikurudi uwanjani kihalali mpaka baada ya kura ya maoni ya 2005. Alitoka 1995 akagombea urais 1996, akiwa na chama ambacho kwa miaka yote ile hakikuruhusiwa hata mkutano wa hadhara.

Mugisha Muntu simweki kapu moja na wengine. Aliongoza jeshi, akaongoza chama cha upinzani cha FDC, akaanzisha chama chake cha ANT mwaka 2019, na wizi haujawahi kuwa sifa yake. Anazungumzia taasisi, nidhamu, uadilifu. Mwaka 2021 alipata chini ya asilimia 1 ya kura. Wapo waliosema Waganda hawajui kuthamini uungwana. Mimi naona hivi: mtu anayebeba magunia soko la Owino anajua fika kwamba uongozi mbaya ni mbaya. Anachosubiri kusikia ni nani atapunguza chake ili yeye aongezewe. Mwanasiasa asiyetaja wa kupunguziwa anamwacha na mashaka, kwa sababu maishani mwake hajaona shilingi iliyotoka hewani.

Halafu hiyo katikati yenyewe haitulii mahali. Usambazaji wa umeme ulikabidhiwa kampuni ya Umeme mwaka 2005 kwa mkataba wa miaka 20. Miaka yote hiyo ukisema umeme urudi mikononi mwa umma, unaonekana mjamaa aliyepitwa na wakati. Machi 2025 mkataba ukaisha, serikali ikalipa dola milioni 118 na kuuchukua kupitia UEDCL, kampuni yake ya umma, na hakuna aliyeiita serikali yenye siasa kali. Wazo ni lile lile. Kilichobadilika ni aliyelitamka. Ndiyo maana siwezi kumfuata mtu ambaye dira yake ni kusimama katikati: pale anaposimama leo pamechaguliwa na Ikulu, na Ikulu ikihama kesho naye atahama.

Ugonjwa huu haupo kwetu peke yetu. Keir Starmer alipokuwa akigombea kuongoza chama cha Labour huko Uingereza mwaka 2020 aliahidi kufuta ada za vyuo vikuu, na 2023 akaiacha ahadi hiyo. Emmanuel Macron aliingia urais wa Ufaransa 2017 akijinadi kwamba amevuka kushoto na kulia, na 2023 akapandisha umri wa kustaafu kutoka miaka 62 hadi 64 bila Bunge la Taifa kuupigia kura ya mwisho muswada huo. Kwa upande wa pili tumemwona Zohran Mamdani, aliyezaliwa hapa Kampala mwaka 1991, akimshinda gavana wa zamani Andrew Cuomo mara mbili ndani ya 2025, Juni kwenye mchujo wa chama cha Democratic na Novemba kwenye uchaguzi wenyewe wa meya wa New York. Alitaja mambo yanayoshikika: kodi za nyumba zinazodhibitiwa zisipande, mabasi yawe bure, malezi ya watoto yagharamiwe. Chuck Schumer, kiongozi wa chama hicho hicho katika Seneti, kura zilipigwa yeye akiwa hajamuunga mkono.

Leteni hoja. Hasa ninyi mnaoona katikati ndiko kwenye usalama, nataka niwaelewe.

MamaWaGulu

Ndugu Mchapaji, nimekusoma mpaka mwisho. Wewe unaandika ukiwa Nasser Road, mimi naandika nikiwa Gulu, kaskazini, na huku watu hawakupenda siasa za katikati kwa uvivu.

Nimekulia kambini. Vita vya LRA, waasi wa Joseph Kony, vilipopamba moto watu zaidi ya milioni moja na nusu walikuwa wamehamishwa makwao. Bombani tulipanga jerikeni usiku, kila mtu anaweka jiwe au tawi juu ya mfuniko ili nafasi yake ijulikane, maana kukaa nje usiku kulinda foleni ilikuwa hatari. Asubuhi ukikuta jiwe lako limeondolewa, siku hiyo hamnywi. Wakati huo huo kila upande ulikuwa na watu wa msimamo mkali. Kony alikuwa na msimamo. Waliosema jeshi litamaliza kazi katika muda mfupi nao walikuwa na msimamo. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi tulikuwa sisi.

Waliotusaidia ni watu waliokubali kushukiwa na pande zote mbili. Betty Bigombe aliingia msituni kuzungumza na Kony uso kwa uso. Viongozi wa dini wa Acholi, Wakatoliki, Waanglikana, Waislamu na Waorthodoksi, walishinikiza mpaka Sheria ya Msamaha ikapatikana mwaka 2000. Kwa hiyo mtu akizungumzia watu wa katikati kwa dharau, huku kwetu anagusa makaburi.

Mchapaji_Nasser

Dada, pole kwa mliyopitia, na nakushukuru kwa kuandika.

Watu uliowataja nawaheshimu kuliko mwanasiasa yeyote aliyeko kwenye uzi huu. Ila tazama walichokifanya. Mwaka 2003 Askofu Mkuu John Baptist Odama na wenzake walikwenda kulala kwenye kituo cha mabasi cha Gulu pamoja na watoto waliokuwa wakikimbia vijiji kila jioni. Hawakulala nusu ya njia kati ya serikali na Kony. Walilala walipolala watoto. Na sheria waliyoipigania ilitoa msamaha kwa kila atakayeacha silaha, wakati serikali ilikuwa inataka ushindi wa kijeshi. Njia yao ilikuwa ya amani kabisa na dai lao lilikuwa kamili. Wangekuwa na tabia ya yule mgombea wangu, wangeomba kambi ziongezewe mabomba ya maji, kisha warudi nyumbani.

Kijana_Iganga

Kaka, mwenda pole hajikwai. Mimi namsaidia diwani mmoja huku kwetu, na nimeona mambo yanavyokwenda. Ukiingia kwa fujo unafungiwa mlango. Ukiingia kwa adabu unapata karavati, unapata kisima, unapata jina la shule yenu kwenye orodha ya madarasa mapya. UPE, elimu ya msingi bila ada, ilikuja 1997, ada za vituo vya afya zikafutwa 2001, PDM, mpango wa serikali wa mikopo kwa kila parishi, ikaja 2022. Hakuna hata moja iliyoletwa na mtu wa mrengo wa kushoto aliyekaa nje akipiga kelele. Haba na haba hujaza kibaba. Bibi yangu hawezi kusubiri mapinduzi ya nani, anataka dawa ya presha mwezi huu.

Mchapaji_Nasser

Ndugu yangu wa Iganga, hoja ya bibi ni hoja ya kweli, na mtu wa kushoto anayeidharau hafai kusikilizwa. Karavati pia ni kitu, aliyevuka maji ya mvua na mtoto mgongoni anajua.

Ila rudi kwenye tarehe zako. UPE iliahidiwa kwenye kampeni za 1996, mara ya kwanza Waganda kumchagua rais moja kwa moja. Ada za vituo vya afya zilifutwa mwaka 2001 uchaguzi wa Machi ukiwa umekaribia, Kizza Besigye akiwa amejitokeza kwa nguvu kumpinga Museveni. Kabla ya hapo wataalamu, pamoja na wafadhili waliowasikiliza, walikuwa wanasema mwananchi achangie gharama, na watu wenye busara wa wakati ule walikubali. Serikali haikulainishwa na adabu ya mtu. Ilihesabu kura ikaona zinaweza kukimbia.

Mfano mwingine ni msitu wa Mabira. Mwaka 2007 kulikuwa na mpango wa kukata hekta kama 7,100 za msitu ule zilimwe miwa. Watu wa Kampala wakaingia barabarani Aprili ile, mpango ukakwama, msitu bado upo. Siku hiyo watu walikufa, na mmoja wao alikuwa raia wa India aliyepigwa na umati kwa sababu tu ya asili yake. Naliandika hapa kwa uchungu kwa sababu wapo wenzangu wanaoisimulia Mabira kama ushindi mtupu. Hakuna dai ambalo linahalalisha kile alichofanyiwa mtu yule. Ndiyo sababu nasisitiza upole wa njia. Lakini msitu uliokolewa na waliosema hapana. Waliosema tukate nusu hawakuuokoa.

Kuhusu PDM sitaki kuandika kirefu. Shilingi milioni 100 kwa parishi ni pesa, na mkopo wa milioni 1 umemwinua mtu mmoja mmoja ninayemjua. Ila bei ya mazao yake bado inapangwa na mnunuzi.

Mzee_wa_Mbale

Vijana wangu, hamjambo. Nimewaacha muongee kwanza.

Mchapaji anaijua katikati vizuri, lakini kushoto anakusimulia kama mtu ambaye hajawahi kutawaliwa nako. Sisi tulitawaliwa. Desemba 1969 vyama vya upinzani vilipigwa marufuku. Tarehe 1 Mei 1970, uwanja wa Nakivubo, Rais Milton Obote akatangaza kwamba serikali inachukua asilimia 60 ya hisa katika makampuni makubwa. Mashirika, mabenki, mashamba. Siku ya wafanyakazi, lakini hakuna mfanyakazi aliyeulizwa. Miezi minane baadaye, Januari 1971, Idi Amin akapindua, na watu wa Kampala wakajaa mitaani wakishangilia, wakiwemo hao hao wafanyakazi ambao eti mali ilikuwa imerudishwa kwao. Kilichofuata mnakijua. Kushoto kwa Uganda kulijua kutangaza, hakukujua kuuliza. Na msisahau Museveni mwenyewe alisoma Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, chuo kikiwa moto kwa siasa hizo hizo unazozihubiri.

Mimi nilikuwa karani wa mizani kwenye ushirika wa kahawa. Mkulima analeta gunia, unachota kiganja, unaangalia kama imekauka, unaipima mbele yake, unaandika kwenye kitabu chake na kwenye daftari letu, naye anasoma namba mwenyewe kabla hajaondoka. Alikuwa na sauti kwenye mkutano wa mwaka. Tuliibiwa pia, sisemi tulikuwa malaika, kuna viongozi wa ushirika waliojenga majumba. Soko la kahawa lilipofunguliwa miaka ya 1990 wakaja wanunuzi na mizani zao wenyewe za kuning'iniza mtini, pesa taslimu mkononi, na mkulima akaona heri hiyo kuliko kusubiri malipo ya ushirika. Ikawa mwisho wa sauti yake.

Kwa hiyo mimi siwaamini wa katikati, lakini na nyinyi pia nawatazama kwa jicho.

Mchapaji_Nasser

Mzee wangu, shikamoo.

Ulichokieleza juu ya 1970 nakikubali chote. Mali ikitaifishwa kwa tangazo, wafanyakazi wakiwa wasikilizaji, wamebadilishiwa bosi tu. Nataka hata umeme huu uliorudi 2025 tuuangalie kwa jicho hilo lako. Umekuwa wa serikali, lakini mwenye kinu cha mahindi ambaye umeme unakatika huku foleni ya mabeseni iko mlangoni hana mahali pa kumwajibisha mtu, kama vile hakuwa napo jana.

Ninachotetea mimi kinafanana na mizani yako kuliko hotuba ya Nakivubo. Mtu asome namba mwenyewe na awe na kura juu ya anayeipima. Hilo nalo ni dai kubwa kuliko linavyosikika, mzee, kwa sababu mnunuzi mwenye mizani yake hatalikubali hata ukiliomba kwa upole kiasi gani.

Mwalimu_Historia

Naomba niongeze moja kwa kifupi, nipo kati ya vipindi.

Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4. Sisi wa sanaa tukabaki chini sana. Chumba kimoja cha walimu, kengele moja, wanafunzi wale wale. Tukagoma Juni ile. Sitasahau waliotuumiza zaidi. Wakali tuliwazoea. Waliotuumiza ni wale waliokuja kwa sauti laini, wakisema wanatuelewa kabisa, dai letu ni la haki, ila turudi darasani kwanza kisha tutazungumza. Tulirudi. Mazungumzo sijayaona. Na mwenzangu wa fizikia, ambaye ni rafiki yangu, sasa hatuongelei pesa tena, tunazunguka mada hiyo kila siku tukinywa chai.

Kwa hiyo Mchapaji, nakuelewa sana unaposema kuhusu nusu inayoombwa kabla ya kukaa mezani.

Kijana_Iganga

Mwalimu, hilo limenigusa. Dada yangu anafundisha dini na historia, alikuwa kwenye mgomo huo huo. Lakini mlichokosa ni mtu ndani ya chumba cha maamuzi. Angekuwepo hata mmoja wa kwenu mambo yangekuwa tofauti.

Mwalimu_Historia

Bungeni wamo waliowahi kushika chaki, tena si wachache.

MamaWaGulu

Nimerudi. Mchapaji, kuhusu Askofu Odama umenijibu vizuri, na kuhusu ardhi naweza kuwa upande wako. Wanawake wa wilaya ya Amuru waliowahi kuvua nguo mbele ya wapima ardhi, kupinga kunyang'anywa ardhi yao, hawakuwa wanaomba nusu ya shamba.

Ila bado hujanijibu kuhusu gharama. Novemba 2020 Robert Kyagulanyi (Bobi Wine), mgombea urais wa upinzani, alipokamatwa kwenye kampeni, watu wasiopungua 54 waliuawa ndani ya siku mbili. Wengine hawakuwa hata wakiandamana, walikuwa wanapita au wako kazini. Nina mtoto wa kiume chuo kikuu. Mwanasiasa wa katikati akiniambia "mama, mimi sitampeleka mwanao barabarani", nitampa kura, na nitampa nikijua yote uliyoyaandika hapa. Hiyo ndiyo nguvu yao, na hamtaishinda kwa kuwaita waombaji wa nusu.

Mchapaji_Nasser

Dada, sitakuomba umtume mwanao popote. Wanaofyatua risasi ndio wenye kesi ya wale 54, na mwanasiasa yeyote anayezungumzia amani bila kudai waliofyatua wafikishwe mahakamani ameiacha amani yako nusu.

Ninachoomba ni kidogo na kinafanyika bila mtu kuingia barabarani. Mbunge wenu akija kutafuta kura, au hata sasa akija kwenye mazishi na harambee, asiondoke kabla hajasema mbele ya watu kama ataupigia kura mswada wa kima cha chini ukirudi Bungeni, na kiwango gani. Akijibu "tutaliangalia", liandikwe hivyo hivyo na jina lake na tarehe. Akisema hapana, liandikwe. Kisha lisomwe siku anarudi. Kazi ya kuchapa nitaifanya mimi, Kiswahili, Luganda na Acholi kama utanisaidia kutafsiri.

MamaWaGulu

Acholi nitakusaidia. Nitumie maandishi yakiwa mafupi.

Kijana_Iganga

Diwani wangu ana mkutano Jumamosi pale shule ya msingi, na mbunge amealikwa. Swali nitalisoma mimi. Mzee wa Mbale, kama una namna ya kuliandika lisisikike la chama chochote, niwekee hapa kabla ya Ijumaa.